Hela ipo mfukoni ila haipokelewi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kikao cha Waswahili wa huku kwetu Midlands, Uingereza. Walioikosa sababu ya shifti waliomba niiandike, basi nimeiandika karibu kama nilivyoongea, na waliodakia katikati nao nimewaacha humo humo.

Wazee shikamooni, akina mama, kaka zangu na dada zangu, hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na pilau najua limeshaiva maana harufu imeingia ukumbini kabla yangu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nataka tuongee kuhusu hela. Sio utajiri, huo sina cha kuwaambia, naongelea hela yenyewe, karatasi na chuma, keshi. Hebu nyoosheni mikono, wangapi humu ndani mna hata paundi tano ya noti mfukoni sasa hivi? Moja, mbili, tatu... kumi na mbili, na mzee pale, kumi na tatu. Na wote mna mvi. Vijana mnacheka, chekeni, nitarudi kwenu.

Mwaka 2012 ungeuliza swali hilo nchi hii hii mikono ingekuwa msitu, maana wakati ule zaidi ya nusu ya malipo yote yalikuwa kwa keshi. Mwaka 2023 ikawa asilimia 12. Mwaka 2024 imeshuka mpaka 9, yaani kwenye malipo 100 ni 9 tu ambayo mtu kamkabidhi mtu hela mkononi. Sasa mtu anaweza kusema si basi, imekufa yenyewe, izikwe. Hapo ndo sikubaliani, na ndo nimesimama hapa.

Wengi wetu humu tumepita kwenye kazi ya kea, kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani kwao, mimi bado nipo, mwaka wa 11 huu. Kwa hiyo nikisema bahasha mtanielewa. Kuna bibi namhudumia, simtaji jina wala mtaa, ana miaka 86, kichwani yuko sawa kuliko mimi, ni miguu tu imemkatalia. Ana lile kopo la biskuti la bati, la duara, ambalo kwetu biskuti zikiisha tunawekea sindano na nyuzi. Yeye anawekea bahasha. Moja imeandikwa maziwa na mkate, nyingine nywele, nyingine teksi, nyingine kanisa, na iko moja haina maandishi, hiyo ukimuuliza anakwambia hiyo ni ya mambo yake. Pensheni ikitoka anagawa. Ndo bajeti yake hiyo. Akishika bahasha ya teksi akaona nyepesi anajua wiki hii haendi popote, hahitaji apu ya kumwambia.

Sasa akinituma dukani utaratibu uko hivi, na mnaofanya kazi hii mnaujua. Natoa paundi 20 mbele yake, naandika kwenye daftari tarehe, saa na kiasi, nasaini, na yeye anasaini na ule mkono unaotetemeka. Naenda, narudi na risiti, chenji naihesabu mezani sarafu kwa sarafu, naandika iliyobaki, tunasaini tena wote wawili. Unachosha, ndio, lakini unamlinda yeye na unanilinda mimi. Kadi yake siruhusiwi kuigusa. PIN yake hata akiitaja kwa sauti natakiwa nijifanye kiziwi. Na kumlipia kwa kadi yangu halafu anirudishie, hiyo nayo hairuhusiwi, ni barua ya onyo au kazi imeota mbawa.

Duka la karibu na kwake ni dakika 4 kwa mguu. Mwaka jana wamebandika mlangoni karatasi moja ya A4 na selotepu, kadi tu. Basi, hakuna mkutano, hakuna barua, ni karatasi na selotepu. Nimesimama pale na noti ya 20 ya yule bibi, noti safi ya Benki Kuu yao ina picha ya mfalme, na kijana wa kaunta ananiangalia kwa huruma kabisa anasema samahani mashine haipokei. Duka linalopokea keshi liko dakika 25 kwenda, na muda niliopewa wa kukaa na yule bibi ni dakika 45 kwa jumla, ndani ya hizo nimuogeshe, nimpe dawa, nimpikie. Pigeni hesabu wenyewe. Nilichofanya siku ile sikisemi hapa maana meneja wangu ana masikio marefu.

Sasa nikaanza kuuliza, hivi hakuna sheria? Nikajua nitakuta hakuna kitu. Kumbe ipo! Ipo tena nzuri tu, ila inaishia katikati ya njia.

Mwaka 2023, mwezi wa sita, Bunge la hapa lilipitisha sheria ya huduma na masoko ya fedha, kubwa, nene, ina mambo mengi ambayo hayatuhusu, lakini ndani yake kuna kipengele cha keshi. Ile mamlaka inayosimamia mabenki, FCA, ikapewa nguvu ya kuhakikisha mabenki makubwa yanawaachia watu sehemu ya kutoa keshi na kuweka keshi. Serikali ikasema watu karibu wote wa mjini wasiwe mbali zaidi ya maili 1, na vijijini maili 3. Na kwa mtu wa kawaida mwenye akaunti yake iwe bure. Kanuni zenyewe zikaanza kufanya kazi tarehe 18 Septemba 2024. Sasa hivi benki ikitaka kufunga tawi lazima kwanza iangaliwe watu wa pale watabaki na nini, na wakikuta kuna pengo lazima lizibwe, na kile kilichopo hawaruhusiwi kukifunga mpaka mbadala uwe umeshafunguliwa. Na hii wengi hamuijui, hata nyie wakazi mnaweza kuomba mtaa wenu ukaguliwe. Mnaandika tu, mnasema huku kwetu kutoa hela ni shida, wanakuja kupima.

Imetoka wapi huruma hiyo? Haikuwa huruma. Tangu 2015 matawi ya benki zaidi ya 6,000 yamefungwa nchi hii. ATM ambazo mwaka huo huo zilikuwa zaidi ya 70,000 zimepungua vibaya, na zile zinazobaki mitaa ya akina sisi mara nyingi ndo zile za kukata ada, unatoa 10 inakukata karibu 2. Watu walipiga kelele, wazee wa vijijini, wenye maduka, watu wa ulemavu, kelele za miaka. Ndo vikaja vile vituo vya pamoja vya mabenki, vya kwanza vilijaribiwa 2021 Rochford kule Essex na Cambuslang kule Scotland. Unaingia, kaunta inaendeshwa na posta, mteja wa benki yoyote anatoa na kuweka, na kila siku ya wiki anakuja ofisa wa benki moja, leo ya huyu kesho ya yule. Serikali hii iliyopo imeahidi vifike 350 kabla Bunge halijamaliza muda wake. Bibi yangu wa bahasha kimoja kimefunguliwa mji wa jirani, teksi inampeleka, anatoa hela yake, anaongea na mtu mwenye uso, anarudi ana furaha kama ametoka harusini.

Halafu hela yenyewe hana pa kuipeleka.

Hapo ndo ninaposema sheria imeishia njiani. Imelinda kutoa, haijalinda kutumia. Mmechimba kisima, mmekiwekea na uzio, na mlinzi, halafu kila nyumba imekataza mtu kuingia na ndoo.

(Hapa kaka mmoja nyuma akadakia, mbona noti imeandikwa wanaahidi kukulipa, si ni sheria hiyo, dukani hawawezi kukataa.)

Ahsante kaka, nilijua litakuja, na mimi nililiamini hilo hilo miaka yote. Sio kweli. Nchi hii duka linaruhusiwa kukataa malipo yoyote linayotaka. Linaweza kusema keshi tu, kadi tu, hata likitaka kusema tunapokea mahindi tu ni ruhusa. Ile habari ya pesa halali ya kisheria ina maana finyu sana, inahusu deni, kwamba ukiwa unadaiwa tayari ukapeleka hela hiyo kamili mahakamani huwezi kushitakiwa kwamba umekataa kulipa. Dukani kabla hujachukua mkate hakuna deni, kwa hiyo haikuhusu. Na vituko vingine humo, sarafu za peni 1 na 2 ni halali mpaka jumla ya peni 20 tu, ukizidisha hapo mdai wako ana haki kukukatalia. Na noti za Scotland, hizi tunazoletewa na ndugu zetu wa Glasgow tukiziona kama za mchezo, kwa maana hiyo ya kisheria sio pesa halali popote, hata huko huko Scotland! Na watu wanazitumia vizuri tu kila siku kwa sababu wamekubaliana kuzitumia. Yaani hela siku zote ilikuwa inasimama kwa makubaliano, na sasa upande mmoja unajitoa kimya kimya na selotepu.

Kamati ya Hazina ya Bunge, mwenyekiti wake Meg Hillier, waliliangalia hili jambo, ripoti ikatoka mwisho wa mwezi wa nne 2025. Walisikiliza watu wengi. Wakaonya kwamba tunaelekea kwenye jamii ya madaraja mawili, wanaopokelewa na wasiopokelewa. Kuna ushahidi uliohusu wanawake wanaonyanyaswa majumbani, mume ndo anashika akaunti, kila akigonga kadi mume anaona kwenye simu kanunua nini, wapi, saa ngapi, na pesa kidogo ya pembeni aliyoificha ndo nauli yake ya kutokea. Akina mama hapa mnatingisha vichwa. Sisi hili tunalijua toka enzi za bibi zetu, pindo la khanga lilikuwa na kazi. Lakini kamati haikufika mwisho wa kusema duka lilazimishwe sasa hivi, imesema serikali ifuatilie na huenda siku itakuja ya kulazimisha. Na waziri aliyekuwa na dhamana hiyo, Emma Reynolds, yeye alisema serikali haina mpango wa kulazimisha wafanyabiashara. Wananchi nao wamepeleka maombi ya sahihi zaidi ya mara moja. Basi tuko hapo.

Sasa niwatetee kidogo wenye maduka, maana humu wapo, namuona mmoja ananikazia macho na ana haki. Kupokea keshi ni kazi. Lazima uwe na chenji. Jioni unahesabu, haipatani, unahesabu tena. Unazipeleka benki na benki imefungwa, kwa hiyo unaendesha gari na mfuko wa hela maili kadhaa ukiomba Mungu, na ukifika wanakukata asilimia kuziweka. Bima nayo. Vibaka nao. Mtu wa hivyo akibandika ile karatasi mimi simuiti mbaya, amechoka. Lakini na mashine ya kadi nayo sio bure, kila ukigonga kuna kitu kinakatwa na hakikatwi kwa ajili ya mwenye duka, na siku keshi ikishaondoka kabisa mnadhani hicho kinachokatwa kitapungua? Leo ukiona makato yamezidi unamwambia mteja ndugu lipa keshi. Kesho utamwambia nini?

Hili ngoja nilieleze na mfano wa nyumbani. Mwezi wa saba 2021 serikali yetu Tanzania ilileta tozo ya miamala ya simu, mnaikumbuka, kulingana na kiasi unachotuma mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwepo. Watu walifanya nini? Walirudi kupeana mkononi. Bahasha kwa kondakta wa basi, bahasha kwa shemeji anayeenda Singida. Mama yangu mzazi alinipigia akasema mwanangu usinitumie kwenye simu, ngoja mtu anayekuja. Mwezi wa tisa tozo ikashushwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kupunguzwa. Mimi naamini, hii ni imani yangu, kelele peke yake zisingetosha, walisikia kwa sababu watu walikuwa na pa kwenda. Mlango wa pili ulikuwepo. Ukiziba mlango wa pili, aliyekaa kwenye wa kwanza anatoza anachotaka.

Na wazungu kazini wananiambia, aah nyie Afrika mmeshatupita, mna M-Pesa, hamtumii keshi siku hizi. Nacheka. M-Pesa ilianza Kenya 2007, na hata serikali ya hapa Uingereza ilichangia hela ya kuijaribu, lakini kilichoifanya isimame sio simu. Ni wakala. Ni yule dada amekaa chini ya mwavuli na kitochi viwili na daftari, anakupa keshi mkononi ukitaka na anaipokea ukitaka. Kama angekuwa hana floti, kama angekuwa hana noti kwenye mkoba wake, nani angeiamini ile namba kwenye simu? M-Pesa iliisogeza keshi mpaka mlangoni kwa mama. Huku wanaiondoa keshi mlangoni halafu wanasema wanatuiga sisi.

Nirudi kwenu vijana. Mnasema haya mambo ni ya wazee. Haya, mimi sio mzee, na niwaambie kilichonikuta. Wengi mnajua nilikuwa mhazini wa msiba wa ndugu yetu, tulikuwa tunachanga kusafirisha mwili kwenda Dar. Ndani ya siku nne zikaingia kwenye akaunti yangu hela za watu zaidi ya 100, huyu 10, huyu 20, huyu 50, na kwenye maelezo wameandika msiba, rambirambi, pole sana, mwingine kaandika tu Mungu yupo. Sasa kompyuta ya benki inajua rambirambi ni nini? Ikaona huyu bwana jana alikuwa na paundi 212, leo ana maelfu, kutoka kwa watu 100 wenye majina magumu. Ikafunga. Siku 19. Kadi haigongi, hela haitoki, ukipiga simu unaambiwa uchunguzi unaendelea na hatuwezi kukueleza zaidi. Sisemi benki isichunguze, wezi wapo. Nasema siku 19 mtu mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye mwili unamsubiri, anaishi vipi?

Niliishi kwa bahasha. Mlinilea nyie nyie, sijasahau. Mtu anapita mlangoni usiku ametoka shifti anaacha bahasha ya 30, anasema kaka utanirudishia mambo yakikaa sawa. Mchango uliobaki tukakusanya mkononi, na yule mtu wa mazishi, mzungu, akazipokea noti zetu zilizokunjamana, akazihesabu mara mbili, akatuandikia risiti kwa kalamu, mwili ukaondoka. Lakini wiki hizo ndo nilijua keshi imekuwa ngumu kiasi gani. Paking ya hospitali, kadi au apu tu. Basi nalo, sikatai, London walishaacha kupokea keshi kwenye mabasi toka mwezi wa saba 2014, ila huku kwetu nilidhani bado wanapokea. Kantini ya bwawa la kuogelea mtoto analia anataka chipsi, mimi nina noti ya 20 mkononi, nikaambiwa samahani. Nina hela na ni maskini kwa wakati mmoja. Siku hiyo nilimuelewa yule bibi vizuri, na siku hiyo nilikuwa na miaka 41.

Na sio mpaka benki ikufungie wewe. Tarehe 1 Juni 2018 mitambo ya Visa Ulaya iligoma karibu saa 10, kifaa kimoja kimeharibika kwenye kituo chao cha data, malipo milioni 5.2 yakashindikana, watu wako supamaketi trolley zimejaa. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ukakatika Hispania na Ureno nzima, na mwenye sarafu ndo alinunua maji na redio ya betri, mwenye simu ya paundi elfu moja akabaki anaangalia asilimia ya chaji inashuka. Ndo maana Wasweden, ambao walikuwa wa kwanza kujisifu hawana keshi, mwaka 2024 wamesambaza kijitabu kila nyumba cha nini cha kufanya vita au janga likija, na ndani wanawaambia watu wekeni keshi ya kutosha angalau wiki moja, noti za thamani mbalimbali. Bibi yangu wa kopo la biskuti alikuwa mbele ya serikali ya Sweden miaka yote.

Kwa hiyo tunataka nini? Hatutaki sheria ya kumlazimisha kila mtu, kijana anayeuza kahawa kwenye baiskeli mwacheni. Tunataka nusu iliyobaki ya sheria ya 2023. Norway wamefanya, kuanzia 1 Oktoba 2024 duka lenye jengo na mtu wa kuuza lazima lipokee keshi, mpaka kroner 20,000, zimeachwa mashine za kuuzia na sehemu zisizo na mhudumu. Australia wamekwenda kwa njia nyembamba zaidi, wamechagua chakula na mafuta ya gari tu, mpaka dola 500, saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku, kuanzia Januari 2026, na wenye biashara ndogo wamewekewa nafuu. Mimi ningechukua ya Australia nikaongeza dawa, paking, nauli na chochote kinachoendeshwa na serikali au halmashauri, maana haiingii akilini serikali inachapa hela halafu ofisi yake inaikataa. Na ningeongeza kitu kimoja ambacho sijakiona kwa wenzetu hao, kwamba ukimlazimisha mwenye duka apokee basi na benki ilazimishwe kuzipokea kutoka kwake bila kumkata, karibu na duka lake, mpaka usiku. Nusu ya chuki ya keshi ingeisha hapo. Vinginevyo mnamtwisha mzigo mtu wa chini na wa juu anakaa.

(Mama mmoja akauliza, je sheria ikija na watu wenyewe hawatumii?)

Swali zuri mama. Wasipotumia itakufa, hilo sheria haiwezi kuzuia. Lakini kuna tofauti ya kitu kufa kwa sababu watu wamekiacha na kufa kwa sababu wamezuiwa. Mwaka 2022 wakati bei zimepanda malipo ya keshi yaliongezeka nchi hii, mara ya kwanza baada ya miaka 10, watu walirudi kwenye bahasha kama yule bibi ili wasizidishe matumizi. Na FCA mwaka huo huo walikuta watu wazima kama milioni 3.1 wanalipia karibu kila kitu kwa keshi. Hao ndo wanaobandikiwa karatasi.

Nimemaliza, pilau linapoa. Kwenye meza pale karibu na birika nimeweka barua niliyoiandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, kila mtu aongeze mstari wake mwenyewe wa kilichomkuta, barua zikifanana zote wanajua ni za kunakili. Muandike na postikodi maana mbunge hajibu mtu asiyekaa jimboni kwake, na humu tuko majimbo matatu tofauti, kwa hiyo bahasha ziko tatu, angalieni msichanganye. Wenye mwandiko mzuri wawasaidie wazee. Kalamu ziko nne tu, na ni zangu, naomba zirudi.